Mashua Pamoja na Watu Wake

Jumatatu ya pili ya Agosti, mwaka 1949, saa tatu asubuhi, Sellah alisimama mbele ya dirisha la karani karibu na stesheni ya Kitale akiwa na shilingi mia mbili zilizofungwa kwenye leso. Hiyo ilikuwa bei ya mitamba yake miwili. Nyuma yake alisimama mumewe, Wabwile, na nyuma ya Wabwile walisimama watu kumi na tisa wa ukoo wao kutoka Kabuchai, wakiwa na mikeka, sufuria, na jogoo mmoja mweupe wa Senge Agneta, shangazi yake Wabwile.

Sellah alikuwa amepika katika shule moja ya bweni ya misheni huko Bungoma kwa miaka kumi na minane. Uji alfajiri, ugali na maharagwe mchana, ugali na maharagwe jioni. Akifika nyumbani alipika tena. Alitaka siku tano ambazo angekaa chini, sahani ije, na yeye asijue imetoka wapi.

Mashua yenyewe ilionekana kutoka pale dirishani. Ilikuwa nyeupe, yenye mlingoti mmoja na matanga mawili, na ilielea juu ya shamba la mahindi la Bwana Pargeter, ng'ambo ya reli. Bwana huyo aliiagiza miaka kumi na mmoja nyuma ili apate kuitembeza Ziwa Nyanza, ikashushwa Kitale kwa makosa. Ilikaa juu ya magogo shambani mwake. Mwaka uliofuata, mahindi yalipofika kifua cha mtu mzima, iliinuka. Tangu hapo iliinuka kila Julai, na kila Oktoba, wavunaji walipoanza kazi, ilishuka. Watu wa Kitale waliitazama ili kujua kama mavuno yatakuwa mazuri.

Kando ya dirisha palikuwa na ubao: INAKODISHWA MASHUA YA STAREHE PAMOJA NA WATU WAKE. SIKU TANO, KITALE HADI BUNGOMA NA KURUDI. SHILINGI MIA MBILI.

"Hawa wote ni nani?" karani, jina lake Kipruto, aliuliza.

"Si mmeandika pamoja na watu wake?" Wabwile alisema. "Anayekodi ni Mama Peris hapa. Hawa ndio watu wake."

Kipruto alitoa kichwa nje, akausoma ubao kana kwamba si yeye aliyeuandika. "Watu wake ni watu wa mashua, mzee. Nahodha, mabaharia wawili, mpishi."

"Ati mashua ina watu? Mashua haina ukoo, bana."

"Na hao watu wa mashua," Senge Agneta aliuliza kutoka nyuma, "walizaliwa na nani?"

"Muulize mama yao, mashua," Kipruto alisema.

Sellah aliwaacha wacheke. Yeye alikuwa amezoea kugawa debe moja la maharagwe kwa wavulana mia na arobaini, na alijua swali la kuuliza.

"Hii mia mbili inanunua nini?"

"Mashua na hao watu wanne."

"Na chakula?"

"Chakula ni chenu. Upepo pia ni wenu."

"Upepo unauzwa wapi?"

"Pale kwa Chemutai, kwa gunia. Halafu kila shamba mtakapofunga kamba, mwenye shamba analipwa shilingi moja. Mkimaliza safari, mnatoa shukrani kwa watu wa mashua."

"Shukrani ni lazima?"

"Si lazima. Lakini ni moja ya kumi."

"Kwa hiyo mia mbili ni bei ya kuiangalia tu," Sellah alisema.

"Kuiangalia ni bure, mama. Wewe umeiangalia tangu asubuhi, nimekuuliza kitu?"

Chemutai alikaa kando ya ghala na magunia kumi na moja ya upepo uliokingwa kwenye mapango ya Mlima Elgon, midomo imeshonwa kwa katani na kila gunia limefungwa jiwe lisiondoke. Upepo wa juu mlimani ulikuwa shilingi tano. Ule wa chini, ambao ulinuka mbuzi kidogo, ulikuwa shilingi tatu. Sellah aliyabonyeza magunia kwa kidole gumba, akachagua sita ya mbuzi. Ukoo ukachanga. Waliokuwa na pesa walitoa pesa, waliokuwa na unga walitoa unga.

Aliporudi dirishani, Kipruto alikuwa amefungua kitabu cha mashua na hakuandika.

"Kuna kanuni," alisema. "Abiria wa chombo hiki ni Mzungu. Mwafrika hupanda kama mfanyakazi."

Kanuni hiyo ilikuwa ya Bwana Pargeter mwenyewe, naye alikuwa ameipigilia misumari mlingotini. Kuhusu pesa hakuweka kanuni. Pesa za mtu yeyote zilipokelewa.

Kipruto alifikiri, akautazama tena ubao wake. "Lakini mzee amesema hawa ni watu wake. Basi na wawe watu wake."

Akaanza kuandika. Wabwile aliandikwa nahodha msaidizi. Senge Agneta alikuwa mlinzi wa nanga. Wajomba wakawa wa matanga, vijana wakawa wa kamba, bibi mmoja asiyeona vizuri akawa wa kutazama mbele. Jogoo aliandikwa kengele. Vyeo vilipofika ishirini, kilikuwa kimebaki cha mtu mmoja.

"Mama, wewe ni mpishi wa pili."

Sellah alikaza fundo la leso yake. "Basi narudi na pesa zangu."

Mjomba mmoja aliyekuwa ameshaanza kukunja suruali aliikunjua.

"Mama Peris," Wabwile alisema polepole, "si ni jina tu?"

"Baba Peris, nimeuza mitamba miwili ili nisiwe mpishi siku tano. Nikitaka kuwa mpishi, misheni wananilipa."

"Hakuna cheo kingine," Kipruto alisema. "Kitabu kina mistari yake."

Wakati huo mpishi wa mashua, mwanamume mrefu aitwaye Kiplangat, alikuwa amekuja kuchukua vitunguu. Alisimama na kapu lake akasikiliza mpaka mwisho.

"Karani, mimi ni nani katika kitabu hicho?"

"Mpishi wa kwanza."

"Na mpishi wa pili anafanya kazi gani?"

"Anafanya unachomwambia."

Kiplangat alimgeukia Sellah. "Mama, mimi ndiye mkubwa wako. Nakuamuru ukakae."

Sellah alimtazama kwa muda, kuanzia viatu mpaka vitunguu. Kisha akafungua leso.

Waling'oa nanga saa nne na nusu. Mashua ilikwenda juu ya vichwa vya mahindi kwa sauti kama ya sketi mpya, na palizi ikaendelea chini yake. Penye mashamba ya maharagwe kina kilikuwa kifupi, wakalazimika kuteremka na kusukuma. Katika mto Kamukuywa waliibeba mabegani, maana haikuzoea maji. Kabuchai, miwa ilikuwa mirefu na safari ikawa tamu, hata bibi wa kutazama mbele akasema anaona vizuri.

Sellah alikaa kwenye mto wa kitambaa cha buluu. Sahani zilikuja. Siku ya pili alisikia harufu ya kitunguu kinachoungua akainuka.

"Mpishi wa pili," Kiplangat aliita kutoka chini, "kaa."

Akakaa. Siku ya tatu kitunguu kiliungua tena, naye hakusikia, kwa kuwa alikuwa amelala mchana kwa mara ya kwanza tangu alipoolewa.

Wakati wa kurudi walifunga kamba Ndalu. Msimamizi wa shamba moja la huko, Mzungu kijana mwenye kalamu, alipanda kukagua.

"Abiria wako wapi?"

"Hakuna abiria," nahodha alijibu.

"Na wewe?" alimuuliza Sellah, ambaye alikuwa na paja la kuku mkononi.

"Mimi ni mpishi," Sellah alisema, akatafuna.

Msimamizi alihesabu vichwa akaandika: Wafanyakazi ishirini na watano, wavivu sana.

Karatasi hiyo ilimfikia Bwana Pargeter kabla ya mashua. Shukrani za shilingi ishirini zilipokelewa ofisini, zikabaki ofisini, kwa sababu ya uvivu. Kiplangat na wenzake walikatwa pia mshahara wa siku mbili. Sellah aliposikia, alirudi nyuma ya ghala na shilingi nyingine ishirini, akazitia moja kwa moja kwenye kapu la vitunguu la Kiplangat. Tangu hapo kila aliyeuliza gharama alielezwa vizuri: mashua, chakula, upepo, kamba, shukrani za ofisini, na shukrani zenyewe.

Waliouliza walikuwa wengi. Agosti iliyofuata foleni ilifika relini. Walimu waliomba kazi ya matanga, wakalipa. Wahubiri wawili waliomba kuwa wa kamba, wakalipa. Ubao haukubadilishwa na kanuni haikung'olewa mlingotini. Kitabu kilipojaa kilikuwa na wafanyakazi mia tatu na sita, na abiria hakuwemo hata mmoja.

Sellah alikwenda kila mwaka. Mwaka 1954 alipandishwa cheo akawa mpishi mkuu wa chombo, baada ya miaka mitano ya utumishi bila kosa, na hadi siku hiyo hakujua jiko la mashua liko upande gani.