Tanbihi ya Kumi na Nne

Alipoifungua tanbihi ya kumi na nne, mzee aliuondoa mkono wake mezani kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Sentensi iliyokuwa mbele yake ilichapwa gazetini miaka tisa iliyopita, kwa jina la mwandishi asiyemfahamu, na ilikuwa sentensi yake mwenyewe.

"Wakulima wa zamani waliziita nyota hizi nne Wachukuzi, kwani huonekana kama watu waliobeba mzigo wasiotaka kuutua."

Aliisoma mara tatu. Mtu huweza kusahau sura ya jirani aliyehama, lakini hasahau namna anavyolimaliza wazo lake. Lile "wasiotaka kuutua" alilitambua jinsi mshonaji anavyoitambua mishono yake kwenye vazi la mtu anayepita barabarani.

Makala aliyokuwa akiipitia asubuhi hiyo ya Jumanne ilihusu kundinyota la Kunguru, nayo ilikuwa imependekezwa kuwa makala teule ya kamusi elezo ya mtandaoni, ile inayoandikwa na watu wa kujitolea wasioonana uso kwa uso. Makala ikipita, huwekwa kwenye ukurasa wa mbele siku nzima. Lakini haipiti mpaka mpitiaji mmoja aisome neno kwa neno, afungue kila tanbihi, na kuiwekea alama ya vema kila iliyosimama kwa miguu yake. Kazi hiyo alikabidhiwa yeye. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa msahihishaji katika kiwanda cha chapa, na kabla ya hapo alilelewa katika shule ya misheni ambako mwanafunzi aliyejibu "nadhani" aliamriwa akae chini mpaka ajue. Alistaafu kazi, tabia ikakataa kustaafu. Wenzake wa mtandaoni walimwita Mkasi, mwanzo kisogoni, baadaye usoni, naye hakukasirika. Pembeni mwa kazi za watu alizoea kuandika maneno yale yale: taja chanzo au nyamaza.

Mwandishi wa makala alijiita Darubini. Alikuwa muuguzi, zaidi ya hilo hawakujua kitu, ila kwamba aliandika kati ya zamu na zamu. Hii ilikuwa mara yake ya tatu kuomba. Mara ya kwanza makala iliangushwa na picha zisizo na ruhusa. Mara ya pili iliangushwa na Mkasi, kwa sababu ya aya tatu zisizo na chanzo. Darubini alitoweka miezi miwili, akarudi kimya, na kwa miezi kumi na minne akaijenga upya kutoka kwenye msingi. Sasa ilikuwa kazi safi. Mzee alikuwa amehamisha mkato mmoja, ameomba "mbali sana" iondolewe na badala yake iwekwe tarakimu, na sentensi ya galaksi mbili zinazogongana ameiacha ilivyo, maana aliionea wivu.

Kisha ikaja tanbihi ya kumi na nne.

Alifungua ukurasa wa historia ya makala, akashuka mwaka baada ya mwaka, akiomba moyoni asikute alichojua atakikuta. Alikikuta. Miaka kumi na moja nyuma, siku ya Jumamosi, jina lake. Chanzo: hakuna. Siku hizo makala yenyewe ilikuwa mistari sita, na yeye alikuwa mstaafu mpya, amelewa furaha ya kuona neno likitokea mbele ya macho ya watu bila kusubiri mtambo. Gazeti lililitoa neno lake humo. Miaka miwili baadaye kitabu cha kusomea watoto kikalitoa gazetini. Darubini, kwa uaminifu wake wote, akavikuta vyote viwili, akavipanga chini ya sentensi hiyo: tanbihi ya kumi na nne, tanbihi ya kumi na tano. Neno lilitoka nyumbani kwake peku. Sasa lilikuwa limerudi limevaa suti, na mwenyewe alitakiwa kulisimamia dhamana.

Je, lilikuwa la uongo? Alilipata kwa mama. Kumbukumbu ilikuwa moja tu, lakini ilikuwa imara: uani, jioni, yeye mapajani, mkono wa mama unaonukia sabuni, kidole kimeelekea juu. Wale ni wachukuzi. Alikuwa na miaka minne. Wakulima aliwaongeza mwenyewe alipokuwa mtu mzima, kwa kuwa mama alilima, na kwa mtoto wake alichokijua mama ndicho walichokijua watu wote.

Kanuni haikuwa na mlango wa nyuma. Chanzo kikigunduliwa kuwa kimenakili kamusi yenyewe, pendekezo husimamishwa, na makala hairudi mezani kabla ya miezi sita. Shauri lilikuwa lifungwe Ijumaa saa sita mchana. Kwa upande mwingine, alama mbili za vema, na hakuna ambaye angejua. Alikipeleka kishale kwenye kisanduku cha kumi na nne. Alikaa hivyo kwa muda, kisha akazima kompyuta bila kubonyeza kitu, akatafuta kofia yake.

Duniani alikuwa amebaki mtu mmoja wa kumwokoa. Dada yake akisema kwamba kwao kila mtu aliziita nyota hizo Wachukuzi, basi sentensi ilikuwa kweli iliyokosa karatasi tu, na angeweza kuitetea akiwa na uso mkavu.

Dada aliishi mitaa mitatu kutoka hapo, ghorofa ya pili, juu ya duka la fundi saa. Maisha yake yote alikuwa amefua shuka za hospitali, na mpaka leo hata taulo la mikono alilikunja pembe nne sawasawa. Alimkuta dirishani, anafumua ukosi wa shati.

"Karani," dada alimtania kabla hajaketi, "umekunjamana kama shati hili. Nani amekosea kuandika leo?"

Mzee hakucheka. Aliuliza kwa uangalifu, asije akamtilia jibu mdomoni, kama aliwahi kusikia wazee wao wakizipa nyota zozote jina la Wachukuzi.

Dada aliacha kufumua. Akataka kujua yeye amelitoa wapi jina hilo.

"Kwa mama."

"Kwa mama," dada alirudia, akaliweka shati kando.

Alimweleza polepole, kama anayemwonyesha mgonjwa ngazi moja moja. Siku baba alipoangukiwa na jiwe machimboni, wenzake wanne waling'oa mlango wa ofisi, wakamlaza juu yake, wakaondoka naye mbio kuelekea hospitali. Hakufika hai. Watu wazima walizika, wakalia, na hakuna aliyekumbuka kumwambia mtoto. Kwa siku tatu mtoto alimuuliza kila aliyeingia ndani wale watu wamempeleka baba wapi, na mbona hawajamtua. Siku ya tatu jioni mama, ambaye hakuwa amekula wala kulala, alimbeba akatoka naye uani.

"Mama hakujua nyota hata moja, mdogo wangu. Alinyoosha kidole tu. Akasema wale pale, bado wanamchukua, hawajachoka. Ukanyamaza. Hilo ndilo alilolitaka, unyamaze."

"Na wakulima?"

"Wakulima gani?"

Ikabidi amweleze habari ya gazeti, kisha ya kitabu cha watoto. Dada alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Watoto wa watu, alisema, wanafanyia mtihani kelele zako za utotoni. Kisha kicheko kikakatika ghafla. Alimtazama ndugu yake jinsi alivyomtazama zamani alipomkuta amevunja kitu na kukificha.

"Kwa hiyo ulichukua msiba wetu ukawapa wakulima."

Mzee alisema kwamba ataifuta sentensi.

"Uifute?" Dada aligeukia dirisha. "Mama hakuacha picha. Barua hakuacha, kuandika alikuwa hajui. Ameacha hilo moja, limeingia kitabuni, na wewe ndiye wa kulitoa?"

"Si kweli, dada."

"Sijasema ni kweli. Nimesema ni la mama."

Jumatano hakuifungua kompyuta. Alipanga upya rafu ya vitabu iliyokuwa imepangika, akakaza skrubu za kiti, akaandika barua ambayo haikuwa na haraka. Chakula kilimshinda. Kwa mara ya kwanza alizikumbuka zile sentensi za watu alizozikata miaka yote, mamia yake. Bado aliona zilistahili kukatwa. Lakini hakuwahi hata siku moja kuuliza zilitoka kwa nani.

Alhamisi asubuhi alikuta ujumbe wa Darubini.

"Shikamoo mzee. Naona zimebaki tanbihi mbili tu. Kuna tatizo? Samahani kukusumbua, ila nimeshawaambia watu wa wodini wasome ukurasa wa mbele Jumamosi. Najua sikupaswa."

Alijibu marahaba, akakwama hapo. Aliandika maelezo marefu, akayafuta. Yalikuwa na kanuni nyingi kuliko ukweli. Akaandika mengine yaliyomtaja mama, akayafuta pia, kwa kuwa yalikuwa yakiomba huruma. Mwishowe, majira ya saa nne, akiwa amekaa wima kama aliyeitwa mbele ya darasa, aliandika haya:

"Mimi mpitiaji ndiye niliyeandika sentensi hii miaka kumi na moja iliyopita, bila chanzo. Gazeti liliinakili kutoka kwetu, na kitabu kikainakili kutoka gazetini. Hakuna wakulima. Jina hili lilitamkwa na mtu mmoja, kwa mtoto mmoja, mara moja. Naiondoa. Mwandishi wa makala hana kosa."

Akabonyeza. Sentensi ikatoweka, na aya za juu na chini zikasogeleana, pengo lisionekane.

Aliyejibu kwanza ni mratibu wa mapitio. Alishukuru kwa mistari miwili, akatangaza kwamba pendekezo limesimamishwa kwa miezi sita, na kwamba kwa sasa mzee asipitie makala yoyote. Mzee alikubali kwa neno moja. Kisha akasubiri. Alitembea chumbani, akarudi; alisimama nyuma ya kiti asitake kukaa. Saa tisa ilikuwa imepita Darubini alipoandika.

"Mwaka juzi ulinikatia aya tatu, nikajifungia chooni hospitalini nikalia, baadaye nikaona ulikuwa na haki. Leo nimekaa hapa nataka kukuchukia, sipati pa kuanzia. Wale wa wodini niwaambie nini, mzee?"

Alimwandikia kwamba awaambie aliyekosa ni mpitiaji, na kama watauliza ni nani, awape jina. Akaliandika jina lake kamili, la ubatizo na la baba, ambalo hakuna mtu wa mtandao ule aliyewahi kuliona. Hakupata jibu.

Ijumaa, saa sita ilipopita, alisikia mtu akipanda ngazi na kupumzika kila baada ya hatua chache. Alikuwa dada yake, ambaye hakuwa amekanyaga kwake tangu mwaka uanze. Hakusalimia kwa kirefu. Alisema amekuja kusomewa hicho kitu, kwa kuwa macho yake na vioo vya kompyuta havielewani, akavuta kiti.

Mzee akasoma kuanzia juu. Alisoma kwamba kundinyota ni dogo na nyota zake kuu ni nne; kwamba nuru ya ile inayong'aa kupita zote husafiri miaka ipatayo mia moja na hamsini kabla ya kutufikia. Hapo dada alimtaka arudie, akahesabu kitu kwa vidole, akatikisa kichwa. Akasoma habari za galaksi mbili zinazogongana. Akafika kwenye sehemu ya majina, na dada akainama mbele, mikono magotini. Wagiriki wa kale waliona ndege. Wachina waliona gari la farasi. Baada ya hapo aya ilikwisha.

"Sisi hatumo?"

"Hatumo, dada."

Dada alitazama nje. Mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua la mchana, tupu kutoka ukingo hadi ukingo, naye aliitazama kwa muda mrefu kama mtu anayemngoja mwenzake barabarani.

"Endelea," alisema. "Usiruke kitu."

Mzee alisogeza kiti karibu na chake, akapangusa miwani, akatafuta mstari alioishia.