Kimya cha Alasiri

Hakukuwa na gitaa, wala ngoma, wala koo la mtu. Vyote nilivitoa kwenye kompyuta: nachukua mluzi mwembamba wa umeme, naukunja, naukaza, mpaka unachanika na kuanza kunguruma. Mvua ya mtaani kwetu, Ujung Berung, ilinyesha polepole juu ya paa, nami nikaelea humo chumbani, nisijue ipi ni mvua na ipi ni ngoma yangu.

Wimbo ulikuwa wa kaka yangu mkubwa, Kang Yayan; Kang ndivyo tunavyomwita kaka kwetu. Mtaa mzima ulimjua kwa gitaa lake la muziki wa metali, kabla mashine ya kiwanda cha nguo haijavila vidole vya mkono wake wa kushoto na kumwachia dole gumba tu. Tangu hapo hakutaka muziki ule upigwe nyumbani. Nilimbembeleza asikilize mara moja. Akiukubali, tungeupiga Jumamosi kwenye tamasha la uwanjani kwa jina la kundi lake. Akiukataa, ningeufuta. Nilitaka aukubale kuliko kitu chochote duniani.

"Haya Nenden, washa hicho kibaniko chako," alisema, kinywa kimejaa bala-bala, bajia za mboga za moto. "Kikiungua usinilaumu."

"Meza kwanza, Kang, usije ukapaliwa."

Wimbo ukaanza, chumba kikajaa. Akaacha kutafuna, akafumba macho. Dole gumba likawa linatembea juu ya paja, likitafuta nyuzi. Nilihisi tunapanda wote wawili, taratibu, kama mvuke wa wali. Tulipofika katikati akafumbua macho.

"Simamisha! Alasiri umeipeleka wapi?"

"Alasiri gani?"

"We binti! Si tulifanyia mazoezi ubavuni mwa msikiti? Kila tukifika hapo, muadhini naye huyo, anaadhini alasiri. Tunazima spika, tunanyamaza. Mwishowe kimya kikawa cha wimbo. Hata tukipiga mjini tulinyamaza."

Nilikuwa nimekisikia kimya kile kwenye kanda yao. Nilidhani kanda imeharibika, nikakikata. Aibu ilinishika.

Nikakirudisha.

"Kifupi," akasema.

Nikakirefusha.

"Sasa tumelala."

"Basi nipe kipimo, Kang!"

"Hakina kipimo. Unakaa mpaka moyo utulie."

"Mashine haina moyo."

"Ndiyo maana nikakwambia ni kibaniko."

Akageukia ukutani. Mungu anajua nilitaka kulia. Nikaukata wimbo vipande viwili, nikakiacha cha pili kisubiri kitufe kimoja cha kinanda, nikamsogezea kinanda hicho.

"Basi subiri wewe," nikamwambia. "Moyo wako ukitulia, bonyeza."

Alilitazama dole gumba lake kwa muda mrefu.

Jumamosi alikuja, amevaa fulana yake nyeusi ya zamani. Watu wakatuzomea. "Gitaa liko wapi? Mmekuja kuuza redio?" Nikaachia ngurumo, kuzomea kukazama ndani yake. Kisha kimya kikaingia. Vijana wakageuziana macho, wakidhani umeme umekatika. Wale wenye mvi waliinamisha vichwa.

Kang Yayan alifumba macho, midomo ikicheza, akimwitikia muadhini ambaye mimi sikumsikia. Sijui tulikaa muda gani. Uwanja mzima ulimngoja yeye.

Dole gumba likashuka, ardhi ikanguruma, na kaka yangu alikuwa anapiga.