Wembe Uliokuwa Chini ya Kinu

Lori la Operesheni Vijiji, la kuwahamishia watu kijiji kipya, lilikuwa limeiacha Kinyangiri nyuma kama maili tatu hivi, Marietha alipomshika wifi yake, Hana, mkono akaubana mpaka vidole vikafa ganzi.

"Hana, anakuja."

Hana alielewa ni mtoto. Yeye ndiye mkunga, mwenye cheti cha kozi ya miezi mitatu ya Singida Mjini, na cheti hicho alikitembeza nyumba kwa nyumba utadhani kimesainiwa mbinguni. Lakini mwaka jana alimzalisha Marietha huyu huyu mtoto wa kwanza, naye mtoto akaishi siku sitini tu: viganja vyeupe, midomo myeupe, akinyonya anachoka. Mimba hii ilipoonekana, Hana aliomba kimoyomoyo impate mkunga mwingine. Mwingine hakuwepo.

Mama yake Hana, Damari, aligonga paa, dereva Fabiano akasimamisha lori. Wanaume walishuka wakageuka pembeni, na wanawake wakatandika kanga juu ya magunia.

"Sanduku langu liko wapi?" Hana aliuliza.

Mgambo waliopakia mizigo asubuhi walikuwa na haraka ya kuwahamisha watu, si ya kupanga vitu vyao. Sanduku lenye wembe mpya na uzi uliochemshwa lilikuwa chini kabisa, chini ya uwele, nguzo za paa, na kinu ambacho Damari aligoma kukiacha. Wanaume waliitwa waanze kushusha upande wa nyuma.

Mtoto hakuwangoja. Alitoka, wa kike, amelegea, rangi ya jivu, kimya. Hana alimsugua mgongo kwa kanga. Maneno ya kozi yalimgonga kichwani: akitoka tu, funga kitovu, kata. Ndivyo alivyomfanyia yule wa kwanza, akamkata kabla hajamaliza kilio kimoja, na wanawake wakamsifu kwa wepesi wa mkono. Siku ile Damari alikuwa nje ya mlango. Hana ndiye aliyemtoa, akisema mambo ya kizamani yamekwisha.

"Fabiano, nipe kisu chako."

Kilikuwa kisu cha kukatia kamba, kimeshika kutu mpaka mpinini. Hana alijua pepopunda inaingilia wapi, alijua vizuri kabisa, na bado alinyoosha mkono. Hofu haina masikio.

Damari alimkamata kifundo cha mkono. "Weka chini."

"Mama, atakufa. Hajakatwa."

"Gusa hapa."

Aliweka kidole cha bintiye juu ya kitovu kilichomuunganisha mtoto na mamaye. Kilikuwa kinene, cha moto, kinadunda.

"Damu yake bado iko njiani," Damari alisema. "Mgeni hafungiwi mlango mizigo yake ikiwa nje. Sisi wa zamani tulingoja mpaka kinyamaze. Endelea kumsugua."

Hana alisugua kwa mkono mmoja na kuhesabu mapigo kwa kidole cha mwingine, akapoteza hesabu, akaanza tena. Nyuma yake kinu kilianguka chini kwa kishindo. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani, na aliogopa zaidi kwa sababu hapakuwa na la kufanya ila kungoja.

Mtoto alijikunja. Alikohoa, kisha akalia. Wekundu ulianzia midomoni, ukaenda masikioni, ukafika viganjani. Mapigo chini ya kidole yakazidi kuachana, halafu hayakurudi, na kitovu kikawa cheupe, chembamba, kimelegea. Ndipo Fabiano alipopitisha sanduku juu ya ubavu wa lori, uso ameugeuza. Hana alifunga, akakata. Damu haikutoka hata ya kuchafua kidole.

Damari alipiga kigelegele. Hana alitaka kumfuata, akashindwa. Alikuwa anavitazama vile viganja vyekundu, na hofu ikamrudia, si ya mtoto huyu tena.

Marietha naye hakushangilia. Alikuwa amemlaza bintiye kifuani, anakikunjua kiganja chake kidogo, anakitazama, anakikunja, anakikunjua tena.

"Wifi," alisema polepole. "Yule wa kwanza ulimngojea hivi?"

Chini, wanaume walikuwa wanapandisha magunia, na Fabiano akauliza kama wanaweza kuondoka. 

"Sikungoja," Hana alisema.

"Kilikuwa bado kinapiga?"

Hana aliuweka wembe sandukuni kwanza.

"Kilikuwa kinapiga, wifi."