Si Mbaya ya Mwalimu Desderius

Miaka ile ya hamsini, pale Nkwenda, shule ikifungwa, nyumba ya shangazi Auleria haikuwa na pa kuweka mguu. Wazazi wengi hawakujua kusoma, basi madaftari ya watoto yalipelekwa kwake. Nyasi mbichi zilitandazwa chini, kahawa za kutafuna zikazungushwa kwenye kikapu, na katekista Cassian akasoma kwa sauti yale mwalimu Desderius aliyoandika kwa wino mwekundu. Watu walitaniana mpaka machozi. Mwenye mtoto msinziaji alijua siku hiyo, na mtaa mzima ukajua naye.

Joviana hakucheka. Alikuwa amemaliza darasa la nne, na baba yake, Rwegoshora, alishatamka mbele ya watu: mwalimu akimsifu, atakwenda shule ya bweni kwa masista, asipomsifu, jembe lipo.

Cassian akafungua daftari la Joviana, akakohoa, akasoma: "Si mbaya."

Akageuza ukurasa. Si mbaya. Hesabu, imla, insha, kote si mbaya.

Mtu akatania kwamba hata chumvi husifiwa kuliko hapo. Rwegoshora akasema basi, maharage yanangoja palizi. Mwalimu mwenyewe alishakwenda likizo kwao Bukoba, hakuna wa kumuuliza. Joviana akainama, akawa anasokota unyasi mmoja kidoleni.

Auleria, dada mkubwa wa Rwegoshora, hakuwahi kukanyaga darasa, lakini midomo ya watu aliijua yote. Akamuuliza Cassian kama kuna mtoto aliyewahi kuandikiwa vizuri sana. Cassian akafikiri, akasema hakumbuki. Mtoto wa Melkiory aliandikiwa "afadhali", na baba yake akachinja kuku.

"Haya, mdogo wangu," Auleria akasema. "Siku uliyokwenda kumwona mkeo kwao, ulirudi ukaniambia binti yukoje?"

Rwegoshora akapeleka mkono kikapuni, akatafuta kahawa asiipate.

"Sema, watu wanasikia."

"Nilisema si mbaya."

"Kisha hukulala, hukula, ukamsumbua marehemu baba mpaka akapeleka pombe ukweni. Huku kwetu nani humsifu mtoto naye yupo anasikia? Mwalimu kalelewa kama wewe."

Nyumba ikaangua kicheko. Mama yake Joviana, aliyekuwa mlangoni, akajifunika uso kwa kanga.

Rwegoshora akasubiri wanyamaze. Akamwomba Cassian arudie kusoma, polepole, toka ukurasa wa kwanza. Alipomaliza, akasema sanduku la bati litafutwe.

Baadaye Joviana naye alikuwa mwalimu, kule Kibingo. Aliandika "vizuri sana" bila choyo. Ila siku mtoto alipomshangaza kweli, kalamu ilisita hewani, ikitamani kuandika lile la Desderius. Hakuliandika. Wazazi wa siku hizi husoma wenyewe, kimya, na Auleria hayupo tena wa kuwauliza walisema nini walipokwenda kuona wachumba.