Madumu ya Ramona

Huku Mojave, mtu akitaka kuvuka jangwa kwa baiskeli peke yake, hutangulia kwanza na gari, akaficha madumu ya maji chini ya vichaka, akaandika jina lake na siku atakayopita. Kisha anarudi, anapanda baiskeli yake, anakwenda akiyategemea. Sisi wengine tunapita, tunayaona, hatugusi. Mtu anaweza kuniibia hata baiskeli yenyewe nikamsamehe, lakini maji? Thubutu!

Basi Tobin Haskett aliyagusa. Na asije mtu akaniambia eti kiu ilimzidi. Kiu ilikuwapo, ndiyo, lakini asubuhi, kwenye bomba la maji alikoanzia safari, alikuwa na chupa nne na akajaza moja tu, makusudi, ili baiskeli iwe nyepesi aende mbio. Kila jioni alikuwa akijirekodi kwa simu na kuwatangazia watu: "Peke yangu, bila msaada wa mtu yeyote!" Mchana chupa ikawa kavu. Akaona kitambaa chekundu kichakani, akavuta madumu mawili. Yameandikwa: RAMONA, ALHAMISI. NAYATEGEMEA. Na siku yenyewe ilikuwa Alhamisi.

Aliyasoma hayo yote. Akanywa mpaka tumbo likamuuma, akajaza chupa zake nne, akazitia kwenye mfuko wa baiskeli. Yaliyobaki, badala ya kuyaacha, akajimwagia kichwani. Hapo ndipo alipomwona mwendesha baiskeli anakuja polepole. Akayasukuma madumu kichakani haraka haraka, akavaa helmeti.

Alikuwa mama wa miaka sitini hivi, goti moja limefungwa bandeji.

"Kaka, jua limetuweza leo!"

"Limetuweza, mama."

Akashuka, akaenda moja kwa moja kichakani. Akavuta dumu la kwanza, likaja jepesi. La pili vilevile. Akapiga magoti pale pale mchangani.

"Mungu wangu. Nani kanifanyia hivi?"

Tobin angeweza kusema. Maneno yalikuwa kooni kabisa.

"Hata mimi nimeyakuta hivyo hivyo," akasema. "Labda mbweha."

"Mbweha!" Ramona akacheka kwa uchungu. "Anafungua kizibo, anakunywa, halafu anafunga tena? Mbweha wa siku hizi wamestaarabika kweli."

Tobin akacheka naye, na kicheko chake mwenyewe kikamtia kinyaa.

"Na wewe una maji?" Ramona akauliza.

"Yameniishia."

Ningekuwapo ningemzaba kofi. Mama wa watu akachomoa chupa yake, imebaki nusu.

"Lete kikombe."

"Hapana, mama, hayo yakutoshe wewe."

"Hata mimi hayanitoshi. Sasa nikuache ufe hapa? Lete kikombe, bwana, usinichoshe."

Akamgawia sawa kwa sawa. Tobin akashika kikombe kwa mikono miwili. Tumbo lake lilikuwa limejaa maji ya mama huyu huyu, anayasikia yakicheza ndani kila akisogea. Aibu ikampanda mpaka masikioni, akainamisha uso.

Ramona akadhani ni jua. "Unaona kizunguzungu? Hebu nione kama joto limekupanda."

Akapitisha kiganja kisogoni kwake, chini ya helmeti. Kikatoka kimelowa.

Akakitazama. Halikuwa jasho, yalikuwa maji, tena yanachuruzika. Akamtazama Tobin, akautazama mfuko wa baiskeli ulivyotuna. Kisha akajipaka yale maji usoni, taratibu, asipoteze hata tone.

Tobin akafungua mfuko. Akatoa chupa zote nne, akaziweka miguuni pa Ramona bila kuinua macho.

"Nisamehe, mama."

Ramona alichukua tatu akazifunga kwenye baiskeli yake, ya nne akamrudishia. Tobin akamnyooshea na kikombe.

"Hicho nilikupa mwenyewe," akasema Ramona. "Kunywa."

Akanywa huku machozi yakimtoka. Alipomaliza akasogea pembeni ampishe mama, yeye afuate nyuma kwa mbali, mahali ambapo hataonekana.

"Hapana," Ramona akasema. "Wewe tangulia. Kaa mbele nikuone."

Akatangulia. Nywele zilikauka kabla hawajamaliza mteremko wa kwanza, lakini mpaka wanafika kwenye bomba la mbele hakuthubutu kugeuza shingo. Jioni ile hakujirekodi.