Nafasi ya Mama Mdogo

Tangu wimbo wa marehemu mama yake uanze kupigwa redioni, mwanamuziki huyu alikuwa hashikiki. Watu walimbandika jina la Hazina, naye akalipokea kwa mikono miwili. Kila aliyekaa naye aliambiwa kwamba bila yeye nyimbo za wazee zingekwisha. Makubwa hayo!

Jumamosi moja akaja studio mama yake mdogo, mdogo wa marehemu. Studio yenyewe ni chumba kimoja juu ya duka la vyuma, kuta zimefunikwa magodoro. Hazina alipomrekodi marehemu jikoni, tayari mgonjwa lakini bado akitwanga peke yake, mama mdogo alikuwa mbali kwa binti yake. Hazina akamwamkia, akamketisha kwenye kiti chake mwenyewe, akabonyeza kitufe.

Sauti ya dada yake ilipotoka, mama mdogo alitabasamu. Mstari ulipoisha akafungua kinywa aimbe, lakini mstari wa pili ukamwahi. Akajaribu tena, ukamwahi tena. Basi akasikiliza tu gitaa na kinanda alivyoviongeza Hazina mpaka mwisho.

"Dada hakuwa mtu wa kunikatiza," akasema. "Nafasi yangu umeiweka wapi, mwanangu?"

Hazina akaeleza kwamba mama alikuwa ananyamaza kila baada ya mstari. Yeye akadhani mgonjwa anatafuta pumzi, akakata kimya chote ili watu wacheze. Mama mdogo akamwambia taratibu kwamba wimbo ule ni wa michi miwili katika kinu kimoja. Mmoja anauliza, mwenzake anajibu. Dada yake alikuwa anamngoja.

Jamani, aibu ina joto lake. Masikio yalimwaka. Alipoombwa apige ule wa mwanzo, usiokatwa, alibabaika, maana alishaufuta siku ileile aliyoukata kwa sababu kompyuta ilikuwa imejaa. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Basi washa mashine yako. Majibu ninayo mimi. Wewe uliza."

Mama mdogo akaanza kupiga goti kwa kiganja, kama mchi unavyopiga kinu. Maneno Hazina aliyajua yote. Akaingia mapema, akalikanyaga jibu lake; akangoja, akachelewa. Mara ya tatu alishindwa hata kuanza.

Mama mdogo akaacha kupiga goti. Akamuuliza, kwa upole uliomuuma kuliko tusi, kama amewahi kutwanga na mama yake hata siku moja.

Hazina akainamisha kichwa. Hakuwahi.