Kivuli cha Dirisha

Wakili wetu, Marvin Teague, hakujua kompyuta hata chembe, ila kufuta alijua. Tangu mwaka wa themanini na mbili uanze kazi yake ilikuwa moja: chochote chenye harufu ya ile maabara ya washindani wetu kule mlimani kitolewe kwenye mashine yetu kabla haijaenda sokoni, tusije tukashtakiwa. Asubuhi hiyo alikuwa amekikazia macho kivuli changu.

Ukifungua dirisha kwenye skrini, ukingo wake wa kulia na wa chini unapata weusi mwembamba, na dirisha linaonekana limeinuka kidogo juu ya mengine. Basi, ni hivyo tu. Lakini kilinitoa jasho majira yote ya baridi, na ndicho kitu pekee ndani ya mashine ile nilichoweza kusema ni changu mimi, Lorna Beckwith.

"Wewe uliingia maabara ile," Marvin akasema.

"Tuliingia wote. Walitualika wenyewe, na kahawa wakatupa."

"Kivuli ulikiona kule?"

Nikakosa raha. Bonde letu la makampuni ya kompyuta lilikuwa hivyo: ukiwa na kitu kizuri unaita watu waje wakione, na wanatoka vichwa vimejaa, hawajui tena lipi wameliona na lipi wameliota. Mimi nilikumbuka weusi fulani pembeni mwa madirisha yao. Au nilijidanganya?

"Sijui," nikasema.

"Kama hujui, kinatoka. Irv Pasternak anakuja saa nane. Ndiye aliyebuni madirisha ya skrini za kule, sasa ameacha kazi, ana kampuni yake. Akisema ni chao, unafuta leo leo."

Chakula cha mchana nilikiacha mezani. Nilizunguka maegesho ya magari, nikarudi, nikawasha mashine, nikaizima. Nilimchukia Irv kabla sijamwona.

Akaja, mnene, mpole, amevaa ndala. Akafungua dirisha moja, akalivuta juu ya jingine, akainama mpaka pua ikakaribia kioo.

"Hiki umekitoa wapi, dada?"

"Kwenu," nikasema. Nilikuwa nimechoka kubabaika. "Nadhani nilikiona kwenu."

Irv akacheka mpaka akakaa chini. "Ile skrini ilikuwa mbovu, mama. Kila kitu kilikuwa kinaacha alama pembeni. Tumelalamika wee, hakuna aliyekuja kuitengeneza. Na wewe umekaa kuuiga ubovu wetu?"

"Kwa hiyo si chenu?" Marvin akauliza haraka.

"Hatujawahi kufikiria kitu kama hiki. Ni chake huyu."

Nilitaka kulia kwa furaha, na aibu pia ilikuwapo. Marvin akafunga mkoba wake, keshatosheka. Irv hakuinuka. Alifungua dirisha la tatu, akakitazama kivuli chake.

"Kizuri sana," akasema. "Nikifika ofisini nawaambia vijana wakiweke kwenye mashine yetu."

Damu ikanipanda. "Thubutu. Mimi nimekesha na kitu hiki, wewe umekaa hapo dakika chache tu unataka kuondoka nacho? Huo ni wizi, bwana, na wakili yupo hapa anakusikia."

Irv hakukasirika. Akaielekezea skrini kidole.

"Sawa, dada. Nirudishie madirisha yangu, wewe ubaki na kivuli chako."